Nani Anahesabu Saa Zetu?

Somo la kuondoa upotevu katika ugawaji wa msaada, kwa kamati za wakimbizi wa ndani, familia wenyeji na viongozi wa mitaa ya Beni na Butembo

Lengo la somo: Mwishoni mwa somo hili, kamati yenu itaweza kufuata safari ya msaada hatua kwa hatua, kuona mahali ambapo muda na mali vinapotea, na kusahihisha jambo moja kabla ya ugawaji unaofuata.

Muda wa somo: Saa mbili.

Vifaa: Daftari, kalamu, saa (hata ya simu), na vipande vya karatasi vya rangi tano.

Utangulizi: Siku tuliyoshindwa

Ninaanza na kosa letu wenyewe. Siku moja tuliita familia 300 kwenye kiwanja cha shule pembezoni mwa mji wa Beni. Tuliwaambia wote wafike saa 1 asubuhi. Lori lilifika saa 5. Tulikuwa na meza moja ya orodha, meza moja ya unga na maharagwe, na mahali pamoja pa kupima mafuta. Ilipofika saa 12 jioni tulikuwa tumehudumia familia zaidi kidogo ya 100. Wengine karibu 200 tuliwaambia warudi kesho.

Ninyi mnaoishi huku mnajua maana ya kurudi nyumbani giza likianza kuingia. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, hakuna mama anayetembea usiku bila hofu. Lakini ubaya haukuishia njiani. Asubuhi yake tulisikia ugomvi katika nyumba tatu. Familia wenyeji walikuwa wamengoja chakula hadi usiku, na wageni wao walirudi mikono mitupu. Wenyeji wakasema: “Mumekula huko, mumeuza njiani.” Watu walioishi pamoja miezi mingi wakaanza kufichana sufuria.

Mama mmoja mzee aliyekuwa kwenye mstari tangu asubuhi aliniambia: “Mwanangu, ninyi munahesabu magunia. Nani anahesabu saa zetu?”

Sikuwa na jibu. Nilisoma uchumi hapa Butembo, ninajua kujaza karatasi za depo, na magunia yetu yote yalikuwa sawa kwenye hesabu. Saa za watu hazikuwa zimeandikwa popote. Somo hili limetokana na swali la yule mama.

Neno moja kutoka Japani

Sote tunalifahamu jina la Toyota kwa sababu ya magari yake kwenye barabara zetu mbaya. Wachache tunajua kwamba kampuni hiyo ilikuza pia namna ya kufikiri kuhusu kazi. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Japani ilikuwa imeharibika na haikuwa na fedha za kujaza maghala. Mhandisi mmoja wa Toyota, Taiichi Ohno, alianza kuuliza swali rahisi katika kila hatua ya kazi: hatua hii inamsaidia nani? Kama haimsaidii yule atakayepokea kitu mwishoni, basi ni upotevu. Kwa Kijapani, upotevu wa namna hiyo huitwa muda.

Ndiyo, muda. Kwao neno hilo lina maana ya upotevu, kwetu lina maana ya wakati. Ni maneno mawili yasiyo na ukoo, lakini sisi tunaweza kuyakumbuka pamoja.

Fikra hii imeshawasaidia watu wenye njaa pia. Huko New York, wahandisi wa Toyota walisaidia shirika linalogawa chakula kwa maskini, na habari zake zilitangazwa mwaka 2013. Katika jiko moja la mtaa wa Harlem, watu waliokuwa wakingoja chakula hadi dakika 90 wakawa wanangoja dakika 18. Katika ghala moja la Brooklyn, walipokuwa wakifunga masanduku ya msaada kwa watu walioathiriwa na kimbunga Sandy, sanduku moja lililochukua dakika 3 likafungwa kwa sekunde 11. Waliangalia kazi kwa makini, wakabadilisha mpangilio wake.

Safari ya gunia, na sehemu iliyo mikononi mwetu

Mnyororo wa ugavi ni safari yote ya kitu, kutoka kinapotoka hadi mkononi mwa anayekihitaji. Bidhaa nyingi zinazofika Butembo na Beni kutoka ng’ambo hushushwa bandari ya Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, hupita mpaka wa Mpondwe na Kasindi, halafu hupanda hadi Beni, kilomita 80 hivi, na kutoka Beni hadi Butembo, kilomita 54. Kwa sehemu hizo mbili za barabara, marais wa Kongo na Uganda walizindua kazi ya matengenezo mwezi Juni 2021. Njia nyingine kubwa, ile ya kutoka Goma kupitia Rutshuru na Kanyabayonga, ilivurugwa na vita vya M23. Kanyabayonga iliingia mikononi mwao mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025.

Kamati ya wakimbizi haiwezi kutengeneza barabara wala kusimamisha vita. Lakini hatua za mwisho za safari ziko karibu nasi: orodha, jetoni, depo, kiwanja, mstari, na njia ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo watu wanapogombana, na hapo ndipo tunapoweza kusahihisha.

Aina saba za upotevu

Ohno alitaja aina saba za upotevu. Tumeziweka hapa kwa mifano ya kwetu:

1. Kungoja. Watu 300 wanaitwa saa moja, na meza inaweza kuhudumia wachache tu kwa saa.

2. Kusafirisha bure. Magunia yanatolewa depo ya Butembo kwenda Beni, halafu mengine yanarudishwa kwa familia zilizohamia karibu na Butembo.

3. Kutembea bure. Mama anapokea unga upande mmoja wa kiwanja, mafuta upande mwingine, na chumvi getini, huku amebeba mtoto mgongoni.

4. Kurundika. Maharagwe yanakaa depo mpaka yanatobolewa na wadudu, kwa sababu magunia mapya yamewekwa mbele ya ya zamani.

5. Kuleta kupita haja. Familia zinapewa ndoo kwa mara ya tatu wakati zinakosa sabuni. Ndoo zinaonekana sokoni kesho yake, na watu wanaitwa wezi.

6. Kurudia kazi. Jina moja linaandikwa na shefu wa mtaa, na kamati, na shirika la kwanza, na shirika la pili.

7. Makosa. Jetoni ya mtu mmoja inapewa mwingine.

Zoezi la 1 (dakika 20): Gawanyikeni vikundi viwili, wakimbizi na wenyeji. Kila kikundi kitoe mfano mmoja kwa kila aina, kutoka mtaa wenu. Msitaje jina la mtu. Tunatafuta hatua iliyoharibika, hatumtafuti wa kumlaumu.

Vifaa vitano vya kazi

1. Kufuata njia kwa miguu

Usikae ofisini ukauliza habari za ugawaji. Chagua familia moja, omba ruhusa, na ufuatane nayo tangu inapotoka nyumbani hadi inaporudi. Andika saa ya kila hatua. Mwishoni jumlisha: ni dakika ngapi alikuwa anapokea, na ni dakika ngapi alikuwa anangoja? Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, niliona aibu. Mama niliyefuatana naye alipokea kwa chini ya robo saa. Siku nzima iliyobaki ilikuwa ya kungoja.

2. Kutafuta hatua iliyo ya polepole kuliko zote

Turudi kwenye ile siku yetu ya Beni. Meza ya orodha ilichukua dakika 2 kwa kila familia. Unga na maharagwe vilichukua dakika 1, kwa sababu vilikuwa vimeshafungwa. Mafuta yalichukua dakika 4, maana yalimiminwa kutoka bidoni kubwa kwa kipimo kimoja.

Fanyeni hesabu: familia 300 mara dakika 4 ni dakika 1,200, yaani saa 20. Hata tungeongeza watu kumi kwenye meza ya unga, mstari usingekwenda mbio zaidi. Mstari mzima unakwenda kwa mwendo wa hatua iliyo ya polepole.

Safari iliyofuata tulipima mafuta siku iliyotangulia, katika chupa zilizosafishwa, mbele ya wawakilishi wawili wa kamati. Hatua ya mafuta ikawa ya dakika 1. Hapo meza ya orodha ndiyo ikawa ya polepole, kwa hiyo tukaweka meza mbili. Sasa familia moja iliweza kupita kila dakika: familia 60 kwa saa, familia 300 kwa saa 5. Hatukuongeza gari wala fedha. Tuliongeza meza moja na kazi ya jioni moja.

3. Kadi za rangi na saa

Katika viwanda vya Toyota, kadi ndogo ndiyo inayosema lini kitu kiletwe na kwa kiasi gani. Hakiji kabla ya kuitwa. Sisi tulitumia karatasi za rangi tano. Rangi ya kwanza waje saa 2 asubuhi, ya pili saa 3, ya tatu saa 4, ya nne saa 5, ya tano saa 6. Kila rangi familia 60. Saa 7 mchana kazi imekwisha, na kila mtu anafika kwake jua likingali juu. Wazee, wajawazito na walemavu wapewe rangi ya kwanza, au ile inayowafaa wanaotoka mbali.

Masharti ni haya: lori liwe limeshafika na mizigo imeshapangwa kabla ya saa 2. Kama lori limekwama, kamati ipeleke habari mitaani mara moja, watu wasitoke nyumbani.

Depo nayo ina kadi yake. Weka karatasi nyekundu kati ya magunia, mahali ambapo akiba inaanza. Mchukuzi akiifikia, msimamizi anajua kwamba ni wakati wa kuagiza mengine. Na kanuni ya depo ni moja: kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

4. Kuuliza “kwa nini” mara tano

Mama mmoja alikosa msaada. Tukauliza:

– Kwa nini alikosa? Jetoni yake ilichukuliwa na mwingine.
– Kwa nini? Wote wawili waliitwa Kavira, na karani hakuweza kuwatofautisha.
– Kwa nini? Orodha ilikuwa na majina tu, bila namba wala avenyu.
– Kwa nini? Iliandikwa usiku mmoja na mtu mmoja.
– Kwa nini? Shirika liliijulisha kamati siku moja tu kabla ya ugawaji.

Tungeishia swali la kwanza, tungemwita yule mwingine mwizi, na mtaa mzima ungegawanyika. Majina yetu ya Kinande hutolewa kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo akina Kambale, Kasereka, Masika na Kavira ni wengi katika kila avenyu. Orodha ya majina matupu lazima itazaa kosa. Dawa ilikuwa namba ya jetoni, avenyu, na jina la mama mzazi. Na kamati kujulishwa siku tano kabla.

5. Ubao wa wazi

Katika Beni na Butembo tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba kazi nzuri isiyoeleweka huleta chuki. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287. Ugavi wa chanjo ulikuwa kazi ngumu kweli: chanjo ile ilihitaji kutunzwa katika baridi kali, kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa iliweza kukaa wiki mbili tu katika friji ya kawaida. Kwa hiyo wahudumu walihesabu kwanza waliomgusa mgonjwa, ndipo wakaileta chanjo kwa idadi hiyo. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa.

Lakini watu wengi waliona magari yakipita na fedha zikitajwa bila kuelezwa. Maneno ya “biashara ya Ebola” yalienea mitaani. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, siku tatu tu baina yao. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa na silaha zilikuwemo. Hata hivyo tunajua hili: pale ambapo hakuna maelezo, uvumi huziba pengo.

Kwa hiyo, kabla ya ugawaji, bandikeni ubao wenye mambo manne: nini kinaletwa, kila familia inapata kiasi gani, kwa nini familia hizi ndizo zilizochaguliwa, na malalamiko yapelekwe kwa nani. Baada ya ugawaji andikeni kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki.

Tahadhari: Bandikeni namba za jetoni, si majina. Orodha ya majina ikianguka katika mikono mibaya inaweza kuhatarisha maisha. Vilevile njia na saa ya lori zijulikane na wachache tu. Uwazi ni kwa hesabu. Ulinzi wa watu ni jambo jingine, na tusivichanganye.

Si kila kinachochelewesha ni upotevu

Tulipofundisha somo hili, mzee mmoja wa kamati alituonya: “Haraka haraka haina baraka.” Ana haki. Kuna watu wanaotumia maneno ya kuondoa upotevu kwa kupunguza wafanyakazi na kufunga masikio. Mambo matatu yanaweza kuonekana kama upotevu, lakini yasiondolewe:

Akiba. Barabara ya Kasindi au ya Butembo ikifungwa na mashambulizi, depo tupu ni njaa. Toyota yenyewe ilijifunza hivyo: baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2011 huko Japani, iliwataka wauzaji wake waweke akiba ya miezi 2 hadi 6 ya vipande vidogo vya elektroniki. Sisi tunaoishi katika vita tunahitaji akiba zaidi yao.

Kusikiliza. Dakika tano za mama anayelalamika kwenye meza ya malalamiko zinazuia ugomvi wa mwezi mzima.

Wenyeji. Kamati ikiwa ya wakimbizi peke yao, mikutano inakwenda upesi. Lakini katika miji yetu wakimbizi wengi wanaishi katika nyumba za wenyeji, wanachota maji kwenye bomba moja na kulala chini ya bati moja. Mwenyeji asiyeitwa mkutanoni ataleta maneno yake mahali pengine.

Tulivyoendelea

Katika ugawaji uliofuata si kila kitu kilikwenda vizuri. Watu wa rangi ya tano walikuja saa 2 kama desturi, kwa hofu kwamba vitu vitakwisha. Tuliwaonyesha mizigo yao iliyokuwa imetengwa pembeni na kuhesabiwa mbele ya kamati. Wengi walirudi nyumbani kungoja saa yao, wachache walibaki.

Yule mama mzee alikuja na kadi ya saa 4 na akaondoka kabla ya saa 5. Nilidhani atanishukuru. Aliniambia: “Sasa munajua kuhesabu. Basi muhesabu na maji.”

Ni kweli. Mwongozo wa Sphere, unaotumiwa na mashirika ya misaada duniani, unataka kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250, na mtu asingoje kwa zaidi ya dakika 30. Watoto wetu wanaopiga mstari na bidoni tangu alfajiri hawajawahi kuona saa hizo zikiandikwa. Tukaanza kuziandika.

Maswali ya majadiliano

1. Katika ugawaji wa mwisho mtaani kwenu, nani alingoja muda mrefu kuliko wote? Alipoteza nini siku hiyo: kibarua, shamba, shule, usalama?

2. Je, kuna ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji ulioanzia kwenye mstari, orodha au jetoni? Ulizeni “kwa nini” mara tano. Mmefika wapi?

3. Hatua gani ni ya polepole kuliko zote? Nani anaweza kuibadilisha bila kungoja fedha?

4. Ni habari gani mnapaswa kuziweka wazi, na zipi mnapaswa kuzilinda?

Kazi ya nyumbani kwa kamati

Kabla ya mkutano ujao, wajumbe wawili, mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji, wafuatane na familia moja kwenye ugawaji au kwenye bomba la maji. Waandike saa za kila hatua katika daftari moja, kwa mkono wa zamu. Wakirudi, wasome hesabu yao mbele ya wote, na kamati ichague jambo moja tu la kusahihisha. Jambo moja likisimama, chagueni la pili. Kibaba hujaa kwa haba na haba.

Na shirika likija kwenu na magunia, lionyesheni daftari hilo. Waambieni kwa heshima kwamba magunia wameyahesabu wao, na saa mmezihesabu ninyi.